Uzoefu wangu: mwongozo wa osquery mikononi mwa wakala wa akili mnemba

Kazi yangu ni kusimamia kompyuta na simu za kazini: kuzisajili, kuziwekea sera, kuhakikisha diski zimesimbwa (data yake isisomeke bila ufunguo), na kufuta data kifaa kikipotea. Siku hizi sehemu ya kazi hiyo namwachia wakala wa akili mnemba, yaani programu inayotumia vyombo na kutekeleza kazi yenyewe. Wakala hana mwenzake wa meza ya pili wa kumuuliza. Anachokijua kuhusu chombo ni kile tu kilichoandikwa kwenye mwongozo. Ndiyo maana siku hizi, kabla ya kuangalia kitu kingine chochote, napima chombo kwa nyaraka zake, na hadi sasa osquery ndiyo iliyonifurahisha zaidi.

Kwa asiyeijua, osquery ilitolewa na Facebook mwaka 2014, na tangu 2019 iko chini ya Linux Foundation. Inaigeuza hali ya kompyuta kuwa majedwali ambayo unayauliza kwa SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata. Mwongozo wake unaeleza kila jedwali kwa mpangilio uleule: majina ya safu, aina ya data, maelezo mafupi, na mifumo endeshi ambako jedwali hilo linapatikana. Hilo la mwisho ndilo lililoniokolea kazi. Nilimwagiza wakala anitafutie kompyuta ambazo diski zake hazijasimbwa. Jedwali la disk_encryption ni la macOS na Linux. Kwa Windows unatumia bitlocker_info. Kwa kuwa mwongozo unasema hivyo waziwazi, wakala aliandika maswali mawili tofauti bila kuelekezwa, na ripoti ikaja imekamilika. Bila maelezo hayo, kompyuta zote za Windows zingeweza kukosekana kwenye ripoti na asiwepo wa kushtuka.

Kuna jambo jingine linalohitaji umakini. Jedwali la file linakutaka utaje path (njia ya faili) au directory (folda) kwenye WHERE, sehemu ya swali inayoweka masharti. Usipotaja, hupati faili zote za kompyuta, unapata jibu tupu. Mtu mzoefu ataona kuna kasoro kwenye swali lake. Wakala anaweza kuandika kwamba faili halipo, tena kwa uhakika kabisa. Mwongozo unazionyesha safu za lazima, nami katika maelekezo ninayompa wakala nimeongeza sentensi moja: jibu tupu bila path si ushahidi wa chochote.

Hayo yote ni ya kusoma tu. Hatari kubwa iko kwenye vyombo vinavyotoa amri. Katika Intune, mfumo wa Microsoft wa kusimamia vifaa, kwa mfano, kuna retire na wipe. Ya kwanza huondoa data na mipangilio ya kampuni na kuacha vitu binafsi vya mtumiaji. Ya pili hukirudisha kifaa katika hali ya kiwandani. Nyaraka za Microsoft Graph, njia ambayo programu hutumia kutoa amri hizo, zimeipa kila amri ukurasa wake, pamoja na ruhusa inazohitaji, vigezo kama keepUserData (kubakiza data ya mtumiaji), na jibu linalorudi: msimbo 204, bila maudhui. Ni lazima wakala aelewe kwamba 204 hiyo inamaanisha amri imepokelewa. Simu ikiwa imezimwa, bado haijafutwa. Haya ndiyo maelezo ninayoyatafuta kwenye kila mwongozo, na ni machache mno yanayoandikwa.

Chombo kimoja tulichowahi kukijaribu, sitakitaja jina, kilikuwa na amri ya kuondoa kifaa. Maelezo yake yalikuwa sentensi moja: huondoa kifaa kwenye mfumo. Kinatoka kwenye orodha tu, au na data inafutika? Kinaweza kurudishwa? Hatua zilizobaki zilikuwa picha za skrini zenye mishale, ambazo hazikuwa na maandishi yoyote ya kumsaidia wakala. Ilibidi niifunge amri hiyo kwake hadi wahudumu wa wateja waliponijibu, na jibu lao lilikuwa aya mbili nzuri ambazo zingetosha kabisa kuwekwa kwenye mwongozo tangu mwanzo.

Itifaki ya MCP, inayounganisha mawakala na zana, tangu toleo lake la Machi 2025 inamruhusu mtengenezaji kuitia kila zana alama inayosema kama inasoma tu au inaharibu. Nazipenda alama hizo, ila ni dokezo, hazizuii kitu. Kinga yangu ni tokeni (ufunguo wa kuingilia mfumo) ya kusoma pekee, na idhini ya mtu kwa kila amri isiyorudishika.

Sasa nikiletewa chombo kipya, naomba mwongozo wake kwa maandishi matupu, nampa wakala, kisha namuuliza: amri hii inagusa nini, inarudishika vipi, na utajuaje kwamba imetekelezwa kwenye kifaa chenyewe? Akishindwa kunionyesha sentensi yenye jibu, nawaandikia watengenezaji waiongeze kabla hatujasajili kifaa hata kimoja.