Dawa ya kutibu maji: ipi ununue, ipi uiache dukani

Ukiomba dawa ya maji dukani, muuzaji atakuuliza tu: "Ya vidonge au ya chupa?" Karibu zote ni klorini ile ile, ila kila moja imefungwa kivyake. Klorini ina uchu wa elektroni, zile chembe ndogo zilizomo ndani ya kila kitu. Ikikutana na kijidudu humnyang'anya, kijidudu hufa, nayo hugeuka kloridi, ile ile iliyomo kwenye chumvi ya mezani. Ikishafika hapo imemaliza kazi. Ndiyo maana nikinunua huangalia kwanza ni kiasi gani cha klorini hai kimebaki humo ndani.

1. Vidonge (Aquatabs na jamaa zake). Kila kidonge kimefunikwa peke yake, hakipigwi hewa, basi hukaa muda mrefu bila kupoteza nguvu. Cha miligramu 67 kinatosha ndoo ya lita 20 ya maji meupe. Subiri nusu saa. Soma miligramu kwenye karatasi yake, maana vipo vidogo vya dumu la lita tano na kwa macho havitofautiani sana.

2. Chupa ya dawa ya majimaji (WaterGuard). Ni sodiamu haipokloraiti, zaidi kidogo ya asilimia moja. Kwa hesabu ya ndoo, bei yake ni nafuu kuliko zote, na ningeipa namba moja kama si jua. Joto na mwanga huila taratibu. Mwaka jana nilinunua chupa iliyokuwa imepangwa dirishani kwenye duka moja la mtaani kwetu. Mimi hufundisha kemia, nikaona niijaribu: glasi mbili za maji, moja nimeitibu kwa chupa mpya, nyingine kwa ile ya dirishani, kipimo kile kile. Nikatia potasiamu iodaidi na maji ya wanga kila glasi. Klorini huifukuza iodini kutoka kwenye iodaidi, na iodini ikigusa wanga hutoa rangi ya buluu. Glasi ya kwanza ikawa kama wino. Ya pili ikawa na kivuli cha buluu tu, nusura nisikione. Kwa hiyo tazama tarehe, chukua ya rafu ya ndani, chupa ndogo, na ukifika nyumbani iweke kabatini.

3. Pakiti za unga (za P&G). Hizi ni za maji ya tope, mto ukiwa umejaa. Ndani mna klorini pamoja na chumvi ya chuma inayokusanya tope likazama. Pakiti ya gramu 4 ni ya lita 10: koroga dakika tano, acha litulie, chuja kwa kitambaa safi cha pamba, subiri dakika 20. Ghali, lakini vidonge vikitiwa kwenye tope, klorini huishia kwenye tope.

4. Jiki. Ni ya kufulia, na ukali wake hutofautiana kati ya chapa na chapa. Yenye manukato usiitie kabisa kwenye maji ya kunywa. Na usiichanganye na asidi ya kusafishia choo: inatoka gesi ya klorini, ile iliyopulizwa vitani Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915.

Tinkcha ya iodini iache kwa watu wa safari. Mama mjamzito na mwenye tatizo la tezi ya shingo wasiizoee.

Wa pwani wenye visima vya chumvi, hapa hakuna dawa yenu. Chumvi hiyo ni kloridi tayari, na klorini haina la kuifanya.

Watoto wakikataa harufu, ngoja nusu saa itimie, kisha kamulia limau kwenye kikombe cha kunywa. Vitamini C huigeuza klorini iliyobaki kuwa kloridi, harufu ikaondoka. Usikamulie ndooni: maji ya akiba yataachwa bila mlinzi.