Uzoefu wangu: nilimlipa fundi akague paa Mikindani kabla sijanunua hata bati moja

Wadau wa Mtwara na Lindi, hasa nyie mnaokaa karibu na maji, naandika hii kwa kirefu maana kila kaskazi ikikaribia naona watu wanaulizana bati nzuri ni ipi na mita inauzwaje, wakati swali la kwanza ni je hilo paa ulilonalo limekwisha kweli au bado lina miaka yake. Mi nimelipia ukaguzi wa paa kwenye nyumba ya mama Mikindani, na baada ya hapo nikalipia na kazi yenyewe ya kuezeka, kwa iyo nasema nilichokiona kwa macho yangu.

Huduma yenyewe iko hivi, fundi anakuja kukagua tu, unampa hela ya ukaguzi (sisi tulimpa elfu arobaini), na hauzi bati wala hana duka analokupeleka. Hapo kwenye hauzi bati ndo pamenifurahisha kuliko kote. Kabla yake alikuja mtu mwingine katumwa na duka, akasimama barabarani akaangalia paa lilivyo jekundu kwa kutu, akatoa simu akapiga hesabu, akatuambia nyumba nzima inataka bati mpya na mbao mpya. Hakupanda, hakuomba hata ngazi. Mama akamuuliza, "Mwanangu, hizo mbao umezionea wapi?" Akajibu, "Mama, nyumba za umri huu zote ziko hivyo hivyo." Tukamshukuru akaenda zake.

Huyu fundi wa ukaguzi alitaka kuja saa saba mchana jua la utosi, nikaona ajabu maana darini saa hizo ni tanuri, kumbe ana sababu. Alipofika akamwamkia mama, akaomba mfuniko wa dari ufunguliwe, akapanda, akazima tochi akakaa gizani kimya mpaka macho yakazoea, halafu ndo akaniita na mimi nipande. Jamani. Upande unaotazama ghuba ulikua umejaa vitundu vidogo vidogo vinaingiza mwanga, vingine hata tundu la sindano kubwa. Upande wa barabarani giza tupu, isipokua mwanga kidogo kwenye misumari ya hapa na pale.

Akaniambia, "Dada, angalia mwanga unatokea wapi. Ukitokea pembeni ya msumari, huo ni ugonjwa wa msumari. Ukitokea katikati ya bati, mbali na msumari, hilo bati limekwisha."

Hiyo sentensi peke yake ilitosha ile elfu arobaini. Maana ugonjwa wa msumari unatibika, ule mpira wa kwenye kichwa cha msumari unaliwa na jua mpaka unakatika, mbao nazo zinavimba masika na kusinyaa kiangazi, msumari unajisukuma nje kidogo kidogo na maji yanapata njia. Unang'oa, unaweka skrubu nene na ndefu kidogo yenye mpira mzuri, kazi imeisha. Ila bati likishatoboka katikati hakuna lami wala silikoni ya kukusaidia, utaziba kumi leo na mwezi ujao yatatokea mengine kumi pembeni yake.

Halafu akapitisha kiganja chini ya bati, upande wa ndani, akanionyesha. Pengine kiganja kilitoka na unga mweupe, akasema hiyo ni zinki inaliwa lakini chuma bado kipo, usiogope. Pengine kilitoka na magamba mekundu, hapo ni chuma chenyewe kinaondoka. Akaweka dole gumba kwenye magamba akabonyeza, sio kwa nguvu, kidole kikapita nje. Nilisikia bati linakatika kabisa. Akahamia upande wa barabarani akabonyeza sehemu kadhaa, gumu, halijabonyea hata kidogo. Na kumbuka upande huo nao kwa nje ni mwekundu vilevile! Yaani ukiangalia toka barabarani pande zote mbili zinafanana, tofauti iko chini.

Sababu ya tofauti ni chumvi. Nyumba ya mama upande mmoja unapigwa na upepo wa ghuba moja kwa moja, na kaskazi ikivuma ndo huku kwetu mvua nazo zinaanza, chumvi inakaa juu ya bati, usiku umande unailowesha, zinki inaliwa mapema kuliko nyumba ya bara. Ndugu zangu wa Masasi na Newala bati hiyohiyo wanakaa nayo muda mrefu zaidi, kwa iyo msipime paa la Mikindani, Msanga Mkuu au Kilwa Masoko kwa miaka ya paa la Masasi. Na kitu ambacho sikukijua, sehemu zinazooza haraka ni zile mvua haiziogeshi, kama chini kwenye machomozo ya paa na pale bati linapolaliana na lingine, kwa sababu chumvi haipati wa kuisuuza.

Mbao alizipima kwa bisibisi. Kila kenchi (zile mbao kubwa zinazobeba paa) akachoma penye kukaa juu ya ukuta na pale juu chini ya kofia (bati la kilele linalofunika pande mbili zinapokutana), maana hapo ndo maji hufika kwanza. Ikigoma kuingia, nzima. Ikizama bila kusukumwa, imeoza hata kama rangi yake nzuri. Akafuata pia ile michirizi ya udongo ya mchwa toka ukutani kwenda juu. Matokeo, kenchi zote nzima kasoro kipande kimoja juu ya chumba cha mama, na zile mbili kwa mbili za kupigia bati upande wa ghuba zimelainika karibu zote. Kumbe yule wa barabarani alitaka kutuuzia mbao za nyumba nzima.

Kingine ni lile doa la sebuleni. Sisi siku zote tukiona silingi bodi limechora duara la kahawia tunapanda kuziba juu yake palepale, na halikomi. Fundi akawasha tochi akafuata alama ya maji kwenye mbao, inapanda, inapanda, mpaka kwenye kofia juu kabisa, mbali na sebule. Maji yanaingia kule, yanatembea na ubao, yanadondoka yanapochoka. Kwa iyo doa la dari halikwambii tundu liko wapi, na doa moja peke yake sio sababu ya kubadilisha paa.

Nje hakukaa sana. Alirudi nyuma mpaka chini ya mwembe wa jirani akaangalia mstari wa kofia kama umenyooka au umelala katikati (ukilala ujue ni mbao, sio bati), akaangalia fisha bodi (ule ubao wa ukingoni mwa paa), akachota uchafu kwenye gata (mfereji wa kukinga maji ya paa) akaumwaga kwenye sakafu, majani ya mwembe na mchanga mwekundu. Ule mchanga ni paa lenu hilo, akasema. Kama unakinga maji ya mvua kwenye simtanki na chini unakuta tope jekundu, chukua kama taarifa.

Hukumu yake, badilisha upande wa ghuba wote na mbao zake za kupigia bati, rekebisha ile kenchi moja, weka kofia mpya, upande wa barabarani toa misumari yote weka skrubu na acha bati zilizopo. Aliandika kwa mkono kwenye karatasi na picha akanitumia WhatsApp, kila picha kasema ni ya chumba gani. Hiyo karatasi ndo nilienda nayo dukani, hakuna aliyeniongezea kitu.

Kwenye kununua alinipa maneno machache ila yamenisaidia. Geji, yaani kipimo cha unene wa bati, namba ikiwa kubwa bati ni jembamba, kwa iyo 32 usije nayo baharini hata ukipewa kwa bei ya kutupa, yeye alitaka 28. Soma maandishi yaliyopigwa kwenye bati lenyewe, sio kwenye risiti tu. Tukachukua za rangi zenye alumini na zinki. Na siku ya kazi alikataza kabisa grenda, bati likatwe kwa mkasi, kwa sababu grenda inaunguza rangi pale ukingoni na zile cheche ni vipande vya chuma, zikibaki juu ya bati zinashika kutu na kuanzisha ugonjwa kwenye bati jipya. Mafundi vijana walinuna maana mkasi unachelewesha, mama akawapikia chai na mihogo wakaendelea. Mlaliano wa bati nao akasimamia mwenyewe, mdomo usielekee kule upepo unakotoka.

Alipanda pia kuangalia kenchi zimefungwaje ukutani. Waliokuwepo Mtwara Aprili 2019 wakati wa kimbunga Kenneth, watu wakaambiwa wahame, wanajua ile hofu, kikaishia kupiga Msumbiji. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 nacho kilitunyeshea mpaka barabara ya Dar ikakatika. Bati geji yoyote ile, kama kenchi imekaa tu juu ya ukuta bila kufungwa, upepo unabeba paa zima na mbao zake. Kwa mama waya zilikua zimeshaoza, zikawekwa mpya.

Sasa malalamiko yangu, yapo. Muda. Tuliahidiana wiki fulani akaja baadaye sana, simu anapokea lakini kila siku yuko njiani. Na paa sasa lina rangi mbili, mbele kutu nyuma bluu, mama mdogo alipokuja toka Lindi alisema sana, kama wewe unajali muonekano basi panga hela ya nyumba nzima au upake rangi upande wa zamani baada ya kuukwangua. Mama mwenyewe hana shida, anasema yeye analala ndani.

Jambo la muda nalitilia mkazo kwa watu wa korosho. Hela ya minada inaanza kuingia Oktoba mpaka Desemba, na hapohapo mvua zinaanza, kila mtu anataka fundi wiki moja, bei ya ufundi inapanda na unaezeka huku unaangalia mawingu. Ita mkaguzi wakati wa kusi, Julai au Agosti, kukavu. Hata kama hela ya bati huna, ujue tu unachodaiwa, ukipata ya korosho unaenda dukani na karatasi yako mkononi.

Nampa nne kati ya tano, moja nimekata kwa kuchelewa. Baada ya mvua kubwa za kwanza alirudi mwenyewe bila kuitwa, akapanda tena darini na tochi, akakaza skrubu mbili zilizokua zinatoa jasho karibu na kofia, hakuchukua hela. Kwenye gata bado hatujabadilisha, hiyo ni ya msimu ujao.