Vikao sita kwa mshauri nasaha: tathmini ya huduma niliyoipata Mombasa

Jina la huduma hii linaahidi mawaidha mara mbili, kwani ushauri ni mawaidha na nasaha ni mawaidha vilevile. Ndiyo maana nilipopanda ngazi za kituo kimoja cha binafsi hapa Mombasa, miezi mitano baada ya kumzika mama, nilitarajia kuelekezwa la kufanya. Katika vikao sita vya dakika hamsini hamsini sikuelekezwa hata mara moja, na hilo ndilo ninalolisifu zaidi.

Mawaidha nilikuwa nayo tele. Mimi ni kifungua mimba, na tangu matangani kila aliyenishika mkono aliniambia nijikaze, kwa kuwa wadogo zangu wananitazama. Nilijikaza mpaka usingizi ukanihama. Katika kikao cha pili nilimsimulia mshauri habari za usiku aliofariki mama kwa kiharusi, kisha nikanyamaza, naye akanyamaza. Feni ilizunguka, muadhini akaadhini mpaka akamaliza, na mshauri hakuigusa hata kalamu iliyolala juu ya daftari lake. Hatimaye nilisema kwamba mama alinipigia simu jioni ile, nikaiona ikiita, nikaiacha kwa sababu nilikuwa kazini. Hakuharakisha kunituliza. Aliniuliza tu, "Simu hiyo umeibeba peke yako muda wote huu, kaka?"

Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1957 kwamba mtu huanza kubadilika anapoeleweka na kupokelewa bila masharti. Maneno hayo niliyasoma baadaye, lakini maana yake nilikwisha kuionja katika chumba kile.

Si kwamba kazi yenyewe ni kunyamaza tu. Kikao cha nne alinipa karatasi yenye safu tatu, tukio, wazo na hisia, kwa njia iliyotokana na kazi ya Aaron Beck, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, ya miaka ya 1960. Katika safu ya wazo niliandika, "Ningeipokea, mama angekuwa hai." Aliniuliza najuaje, tukaupima ushahidi kama wapimavyo mahakamani, mpaka nikakiri kwamba sikujua mama alitaka kuniambia nini, na kwamba mara nyingi alinipigia kuuliza kama nimekula.

Kikao cha kwanza huanza kwa hojaji ya maswali tisa kuhusu dalili za sonona katika wiki mbili zilizopita, kila jibu likipewa alama 0 hadi 3, jumla 27, na alama zikizidi hali ni mbaya zaidi. Mimi nilipata 16. Swali la tisa huuliza kama umewaza kwamba heri ufe au ujidhuru, na hapo kalamu yangu ilisita, kwa maana nimekulia katika nchi ambayo kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, mpaka Mahakama Kuu ilipoamua Januari 2025 kwamba kinakiuka Katiba. Mshauri alikuwa ameshanieleza, kabla sijaandika chochote, kwamba siri yangu haitatoka isipokuwa uhai wangu au wa mwingine uwe hatarini. Kwa sababu hiyo nilijibu kweli.

Cheti chake cha usajili kimetundikwa ukutani. Sheria ya mwaka 2014 inawataka washauri na wanasaikolojia wa Kenya wasajiliwe na bodi yao, kwa hiyo usione haya kukiuliza popote uendapo.

Kasoro ziko mapokezi, nazo si ndogo. Kijana wa pale aliniuliza kwa sauti, mbele ya watu wanne, kama nimekuja "kwa daktari wa akili", na mtu mwenye moyo mwepesi kuliko wangu angegeuka na kushuka ngazi. Fomu zote zilikuwa za Kiingereza. Mshauri ndiye aliyenitafsiria maswali, ilhali mzee asiyesoma lugha hiyo angelazimika kuja na mwanawe, na siri ingeishia mlangoni. Ada ni shilingi 3,000 kwa kikao, na wengi wanaoihitaji huduma hii hawataimudu.

Kikao cha sita alama zangu zilikuwa 6, nami nalala. Mshauri alisema tunaweza kusimama hapo, ila akanitahadharisha kwamba majonzi hupenda kurudi siku za kumbukumbu. Nimeweka miadi ya kikao kimoja katika wiki ya hitima ya mwaka.