Viatu vya kaboni kwenye hafu marathoni ya baridi, uzoefu wangu

Niseme mapema kwamba mi sio mkimbiaji wa medali, nikimaliza hafu chini ya masaa mawili nafurahi mpaka usingizi unagoma, kwa hiyo haya ni maoni ya mtu wa katikati ya kundi, yule ambaye wenye mbio zao wameshaoga wanakunywa chai yeye bado yuko kilomita ya kumi na saba anahesabu nguzo za taa. Lengo msimu huu lilikuwa 1:52, kama dakika 5 na sekunde 20 kila kilomita, na mbio zenyewe ni za katikati ya baridi kabisa, lami tupu kilomita 21 na mita 97. Asubuhi ile kipimajoto kilisoma nyuzi 3 chini ya sifuri.

Nilinunua kiatu cha kaboni, yaani chenye bamba gumu la kaboni ndani ya soli. Kampuni siitaji, maana nusu ya yaliyonikuta ni ujinga wangu na nusu ni kwamba kile kiatu hakikutengenezwa kwa hali ile. Ni vile vyenye soli nene, kisigino milimita 39 (mwisho unaoruhusiwa na World Athletics, shirikisho la riadha duniani, kwa mbio za barabarani ni 40, na bamba ndani liwe moja tu), sponji ya PEBA, plastiki nyepesi inayodunda, laini kama mkate wa maziwa, na uzito unazidi gramu 200 kidogo tu. Ukikishika mkononi unajiona tayari umeshashinda. Mi tangu nione Kipchoge anamaliza 1:59:40 pale Vienna Oktoba 2019 nilikuwa na kiu ya kuvaa kitu cha aina hiyo hata siku moja, na kiu ikikushika huulizi maswali.

Swali nililopaswa kuuliza ni moja tu: hii faida inayosemwa ni ya nani? Ile namba ya asilimia 4 ya nguvu unayookoa, iliyovuma tangu Vaporfly ya kwanza, kiatu cha kaboni cha Nike cha 2017, ilitoka kwenye vipimo vya wakimbiaji 18, wote wenye mbio kweli, na walipimwa kwa kasi ya kilomita 14, 16 na 18 kwa saa. Mi lengo langu ni kilomita 11 na kitu kwa saa. Yaani hata kwenye ile kasi ya chini kabisa waliyopima mimi ningekuwa nyuma nakohoa. Sio kwamba mtu wa kasi yangu hapati kitu, ila asilimia 4 sio ya kuchukua jumla jumla ukaenda kupiga hesabu ya muda wako kama nilivyofanya mimi kwenye kikaratasi, aibu.

Haya tuje kwenye baridi yenyewe. Kitu cha kwanza nilichojifunza ni kwamba sponji inaganda. Sio kuganda kama maji, ila inakuwa ngumu. Wiki mbili kabla nilisahau raba zangu za mazoezi kwenye buti ya gari usiku kucha, hizo ni za EVA, ile sponji ya kawaida ya raba nyingi, asubuhi nikazivaa ikawa kama nimefunga mbao miguuni, kilomita tatu nzima zinapiga ko ko ko kwenye lami ndio zikaanza kulainika. PEBA inavumilia baridi vizuri zaidi, hapo nakisifia kiatu bila kinyongo, ila siku ya mbio sikutaka bahati nasibu, nikakilaza ndani, nikakibeba chini ya koti na kukivaa dakika kumi na tano kabla ya kuanza. Watu waliniangalia kama nimebeba mtoto. Poa tu, kilikuwa laini tangu hatua ya kwanza.

Kosa likawa kwenye soksi. Kitambaa cha juu cha viatu hivi ni wavu mtupu, upepo unaingia mbele unatokea nyuma, nikajifanya mjanja nikavaa soksi nene za sufu. Sasa kiatu chenyewe kinabana kiasili, ukiongeza soksi nene damu haipiti vizuri, na damu isipopita vidole vinapoa zaidi kuliko ungevaa soksi nyembamba. Kilomita ya nne kidole gumba cha kushoto sikukisikia tena. Kama utakimbia na soksi nene jaribu nusu namba juu kabla hujalipa, au fanya nilichofanya baadaye, soksi nyembamba halafu unabandika utepe wa gundi juu ya matundu ya mbele kwa nje. Haipendezi, inafanya kazi.

Kilomita 6 za kwanza zilikuwa tamu, sidanganyi. Barabara kavu, imenyooka, kiatu kinakusukuma mbele kama mtu amekuwekea mkono mgongoni, naangalia saa naona 5:12, 5:14, najizuia mwenyewe. Nikaanza kuona 1:50 kwa mbali huko.

Halafu likaja daraja. Madaraja yanashika barafu kabla ya barabara kwa sababu hewa baridi inayapoza juu na chini, hilo nilikuwa nalijua kama dereva, sikuwahi kulifikiria kama mkimbiaji. Soli ya kiatu changu ina raba vipande viwili vya mbele na kikipande nyuma, pengine pote ni sponji wazi ili kupunguza uzito, na sponji kwenye barafu nyembamba ni sabuni kwenye bafu. Mguu wa kulia ukaondoka peke yake. Sikuanguka chini, nilicheza ngoma moja hivi ambayo jamaa aliyekuwa pembeni yangu alicheka mpaka akaomba radhi, ila shavu la mguu likavutika na tangu hapo kila hatua naikanyaga kwa wasiwasi. Na hapo ndipo nilipoelewa hiki kiatu: kinakulipa ukikanyaga kwa nguvu na kujiamini, ukianza kukanyaga kama mwizi kinakaa kimya. Tena soli nene hivyo na laini hivyo kifundo kinayumba kwenye kona, kwenye joto hulioni sana, kwenye utelezi unaliona kila kona.

Meza za maji ndio balaa jingine, na hili sijawahi kusikia mtu akilisema. Watu mia wanatupa vikombe, maji yanamwagika, kwa nyuzi 3 chini ya sifuri ndani ya dakika chache una uwanja wa kuteleza mbele ya meza. Ya kwanza nikapita kwa kutembea, ya pili nikaichukulia mwisho kabisa wa meza ambapo watu wachache wamepita, ya tatu nikaacha kunywa. Mistari myeupe ya rangi barabarani nayo ikiwa na unyevu usiikanyage, kimbia pembeni yake.

Nikamaliza 1:57:20. Kamba za viatu zilikuwa zimelowa zikaganda na fundo juu, vidole vya mikono havina hisia, ikabidi nikae na viatu mpaka nilipofika kwenye joto. Na ukishavivua usiviweke karibu na hita hata kama vinatoa maji, gundi na sponji havipendi joto kali, jaza magazeti ndani uviache, na ile chumvi ya barabarani uifute kwa maji baridi kabla haijakaukia.

Wiki tano baadaye nikarudi kwenye hafu nyingine, baridi karibu ileile, theluji pembeni ya barabara, safari hii na kiatu cha mazoezi ya kasi. Hiki bamba lake ni la nailoni, linakunjika zaidi kuliko kaboni, soli yake ni nyembamba kuliko ya kile cha kaboni kwa kama milimita nane hivi, kina gramu 40 za ziada, ila raba imefunika karibu soli yote na ina meno madogo. Kilomita za mwanzo niliona kizito, hamna ule mkono wa mgongoni. Lakini kwenye kona nilikuwa nawapita watu! Sikubadilisha hatua hata mara moja, daraja nimelivuka naangalia mbele, na saa ikasimama 1:53:41. Bado sio 1:52, na kusema ukweli siku hiyo hapakuwa na upepo na mimi nilikuwa na wiki tano za mazoezi zaidi, kwa hiyo zile dakika tatu na nusu sizipi kiatu zote. Nakipa dakika moja na nusu, basi.

Kwa hiyo ukiniuliza cha kaboni kama nakipendekeza, barabara ikiwa kavu ndio, hata kwa baridi kali, na kama unakimbia hafu chini ya 1:30 pengine hupaswi hata kunisikiliza. Ila ukiwa wa kasi yangu na mbio yako ina theluji, madaraja na kona nyingi, kabla hujaangalia uzito kigeuze kiatu uangalie tumbo lake, hesabu raba iko wapi na sponji iko wapi. Vile vya kuvalishwa juu ya kiatu vyenye minyororo na vyuma visahau kwa mbio za lami, ukifika sehemu kavu unapiga kelele kama farasi na magoti yanalia.

Cha kaboni sijakiuza. Kiko kwenye boksi lake, kilomita 61 tu, kinasubiri joto lirudi tumalize ugomvi wetu.