Umepandisha injini nyingine? Kabla ya kununua waidibendi, kagua waya wake wa erthi

Malalamiko ni yaleyale, yatoke Tabora au Kigoma. Injini ya zamani imeshushwa, ya mtumba kutoka Japani imepandishwa, kontrolboksi ya kutuni (kompyuta ya injini unayoweza kuirekebisha) imefungwa, na TunerStudio, programu yake ya laptopu, ikaachwa ijirekebishe yenyewe njia nzima ya kwenda Nzega. Kwenye laptopu uwiano wa hewa kwa mafuta unasoma 14.7 kote, safi kabisa. Wiki ikiisha plagi ni nyeusi tii na gari linakunywa mafuta kuliko lilivyokuwa na injini ya kwanza. Nozeli zinalaumiwa, pampu inabadilishwa, na fedha zinazidi kuteketea. Kumbe mara nyingi kosa liko kwenye sensa ya waidibendi, ile ya kwenye ekzosi inayopima uwiano huo, tena kwenye waya wake mmoja tu.

Sitazungumzia rangi ya geji wala kasi ya kusoma. Waidibendi tatu nitakazozipanga hapa zinatumia sensa ileile ya Bosch, LSU 4.9, na kwa gari la barabarani kasi yake inatosha na kubaki. Ninachokiangalia ni jinsi zinavyofikisha volti ya kipimo kwenye kontrolboksi.

Waidibendi hutuma kipimo kama volti kati ya 0 na 5, na volti hiyo hupimwa kutoka kwenye erthi. Ndani ya sensa kuna hita inayokula kama ampia moja ikishapata moto, na zaidi wakati wa kuwaka. Sasa fundi akibana erthi kwenye bodi yenye rangi na kutu, ikabaki ukinzani wa ohm 0.15 tu, ampia hiyo moja inaacha volti 0.15 pale. Kontrolboksi inaipokea kana kwamba ni sehemu ya kipimo. Inaona mafuta ni machache, VE Analyze (sehemu ya TunerStudio inayorekebisha mafuta yenyewe) inaongeza, na wewe unabaki na plagi nyeusi. Ikiwa erthi mbovu ni ya kontrolboksi yenyewe, kosa linageuka: inaona mafuta ni mengi, inapunguza, injini inagonga ikivuta mzigo na mwishowe pistoni inatoboka. Programu haina namna ya kujua. Inaiamini sensa moja kwa moja.

Namba moja kwangu ni AEM X-Series, na sifichi kwamba naipendelea. Ina waya maalum wa hasi kwa ajili ya kipimo, mbali na erthi ya umeme, kwa hiyo njaa ya hita haiingii kwenye hesabu. Ina pia njia ya CAN (waya za data), na kontrolboksi inayoielewa, kama za rusEFI, hupokea namba yenyewe bila kuhangaika na volti. Halafu inakuja na geji, na hilo lina faida kubwa: unalinganisha geji na laptopu papo hapo. Zikitofautiana zaidi ya 0.1, usituni chochote mpaka upate sababu. Kwenye TunerStudio chagua jedwali la mstari mnyoofu (linear) la kujazia mwenyewe, weka volti 0.5 kwa uwiano wa 8.5 na volti 4.5 kwa 18.0.

Ya pili ni Spartan 3 ya 14Point7. Imetenganisha erthi ya hita na erthi ya elektroniki, jambo la maana sana: ya hita ipeleke kwenye injini, ya elektroniki ipeleke palepale kontrolboksi inaposhika erthi ya sensa zake. Volti 0 ni 10, volti 5 ni 20. Inakosa geji, ndiyo maana haikushika nafasi ya kwanza.

Ya tatu ni Innovate LC-2. Ni imara, lakini erthi ni waya mmoja kwa kazi zote, na skeli yake ni pana, 7.35 hadi 22.39. Ile volti 0.15 iliyopotea inakuwa kosa la 0.45, wakati kwenye Spartan ni 0.3. Pia lazima uikalibreti kwenye hewa safi, sensa ikiwa nje ya ekzosi.

Zile za bei ya chini zisizo na maelezo ya skeli, ziache.

Ukishafunga, washa injini, washa taa na feni. Weka mita kwenye volti za DC, ncha moja kwenye erthi ya kipimo ya waidibendi na nyingine kwenye erthi ya sensa ya kontrolboksi. Milivolti 10 au 20 zinavumilika. Zikifika 100, kwangua bodi mpaka chuma king'ae ubane upya.

Sensa ikae angalau sentimita 45 kutoka kwenye hedi, nyuma ya tabo kama ipo, ikiinama digrii 10 au zaidi juu ya ulalo ili maji ya ekzosi yasiipasue. Uvujaji wowote kabla yake huingiza hewa na kuonyesha mafuta machache, na gasketi ya manifodi ndiyo mshukiwa wa kwanza baada ya kubadilisha injini. Silikoni ya kawaida inaua sensa. Tumia iliyoandikwa kuwa salama kwa sensa. Na usiiache kwenye ekzosi bila umeme huku injini inawaka.

Kuna jambo la huku kwetu pia. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hivyo shinikizo la hewa ni karibu kPa 88. Kigoma kando ya ziwa ni karibu 92. Injini isiyo na tabo ikituniwa Tabora haitagusa kamwe mistari ya kPa 95 na 100 kwenye jedwali la mafuta. Gari likishuka Dar es Salaam linaingia kwenye namba ambazo hazijarekebishwa na mtu. Zijaze kwa mkono kabla ya safari, kwa kufuata mwelekeo wa mistari ya chini yake.

Wauzaji sasa. Inaudhi mno kuuziwa sensa ya kawaida ya waya nne kwa bei ya waidibendi, kisha ukiirudisha unaambiwa boksi lilishafunguliwa. Mtu wa mkoani analipa nauli ya mzigo kutoka Kariakoo, anasubiri basi, anafungua anakuta LSU 4.2 ndani ya kasha la 4.9. Dai picha ya maandishi kwenye sensa yenyewe kabla ya kutuma pesa: namba ni 0 258 017 025, waya ni tano, soketi ina pini sita. Soketi ikiwa imekatwa na kuungwa nyingine, usichukue hata kwa nusu bei, kwani rezista iliyopimwa kiwandani kwa ajili ya sensa hiyo moja imo ndani ya soketi ile iliyotupwa.