Fundi wa Mwanjelwa kaniokolea yuniti zangu

Jamani mnaokaa Uyole, hapa Mbeya, baridi ya mwezi wa sita na wa saba mnaijua. Mwaka huu nikanunua hita ya kupasha chumba joto duka moja hapa mjini, hawakuniambia chochote, yuniti za umeme zikawa zinayeyuka tu na mimi niko tarifu ya chini, ile ya mwisho yuniti 75 kwa mwezi, ukizidisha bei inapanda.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja wa vifaa vya umeme Mwanjelwa, akaigeuza akanionyesha pale nyuma, wati 2000. Akaniambia, dada, hii saa moja ni yuniti 2, ukiwasha saa nne kila usiku ni 8. Akaichomeka, akaniambia angalia mita, kile kitaa chekundu kikaanza kupepesa haraka haraka mpaka roho iliniuma.

Akanibadilishia ya wati 800 nikaongeza hela kidogo tu, akaniambia niweke zulia na nizibe chini ya mlango. Tena akanisisitiza nisilale na jiko la mkaa ndani, ile hewa inaua na hata huisikii harufu. Hapo nilimpenda kwa kweli, wangapi wanajali hivyo? Nendeni, ila Jumapili hafungui.