Tathmini ya Usharika Mpya, Baada ya Kuliaga Kanisa la Wazazi

Tathmini hii inahusu usharika mmoja wa Global Methodist, dhehebu lililojitenga na United Methodist, katika jimbo la Texas, Marekani, ambao familia yetu ilijiunga nao baada ya kuliaga kanisa la United Methodist, ambalo wazazi wetu walibatizwa ndani yake huko Katanga. Kuhusu vyombo vya muziki na kahawa ya baada ya ibada sina malalamiko, na sitayazungumzia.

Kilichotuhamisha kinajulikana. Mkutano Mkuu wa United Methodist wa mwaka 2019 kule St. Louis ulishikilia, kwa kura 438 dhidi ya 384, katazo la kufungisha ndoa za watu wa jinsia moja na la kuwapa daraja la uchungaji walio katika uhusiano huo, lakini viongozi wengi wa Marekani walilipinga waziwazi, na sisi tuliolelewa katika msimamo wa zamani tukaona mwelekeo umekwisha kuamuliwa hata kabla Mkutano wa Charlotte wa 2024 haujaliondoa rasmi. Kifungu cha 2553 cha kitabu cha kanuni kiliruhusu usharika kuondoka na jengo lake endapo theluthi mbili ya waumini waliohudhuria kikao wangeafiki, na baada ya kulipa michango ya miaka miwili pamoja na sehemu yake ya deni la pensheni za wachungaji. Kifungu hicho kilikoma tarehe 31 Desemba 2023, wakati sharika zipatazo 7,600 zilikuwa zimekwisha kuidhinishwa kutoka. Usharika wetu wa zamani haukutoka: waliotaka kuondoka walizidi nusu bila kufikia theluthi mbili, na sisi tukaondoka mikono mitupu, tukaacha mabenchi waliyoyachangia wazazi wetu.

Usharika mpya hukusanyika katika bwalo la shule la kukodi, na nguvu yake ni mafundisho. Mchungaji huhubiri kifungu kizima cha Biblia bila kuruka mistari migumu, Meza ya Bwana huandaliwa kwa utaratibu, na vijana wa kipaimara hukariri Imani ya Mitume neno kwa neno kisha huulizwa maana yake. Dhehebu lenyewe, lililozinduliwa tarehe 1 Mei 2022, halishikilii mali za sharika kwa amana, kwa hiyo usharika ukiamua kuondoka kesho utaondoka na jengo lake, iwapo umebahatika kuwa nalo.

Udhaifu wake niliuona kwenye msiba. Mama mdogo alipofariki, usharika ulileta maua na kadi iliyotiwa saini na wengi, mchungaji akaendesha ibada fupi ya mazishi kwa heshima zote, kisha kila mtu akaenda kwake. Waliofika jikoni kwetu usiku ule, wakiwa na sufuria za wali na maharage zilizobandikwa plasta yenye jina la mwenye sufuria ili isipotee, walikuwa akina mama wa kanisa la zamani, wakiwemo waliopiga kura dhidi yetu. Walikesha nasi wakiimba nyimbo za Kiswahili ambazo katika usharika mpya hakuna anayezijua, na hawakugusia suala la kura hata mara moja.

Nilimweleza mchungaji haya. Alisikiliza kwa unyenyekevu na akaahidi kuunda kamati ya kutembelea wafiwa, ambayo hadi sasa haijaanza kazi. Ombi letu la ibada ya Kiswahili lilijibiwa kwamba bwalo limekodishwa hadi saa sita mchana tu, jibu ambalo ni la kweli lakini halitoshi, kwa kuwa nyumba za waumini zipo.

Ninaupa nyota tatu kati ya tano. Mwenye ndugu wengi mjini ataridhika nao kabisa. Mhamiaji asiye na ukoo karibu aulize mapema ni nani huja mtu anapofiwa. Sisi bado tumo: fungu la kumi tunalitoa huku, na mchango wa msiba tunaupeleka kule.